Tundu la Barafuni: Lipi Lifichwe na Lipi Litangazwe

Ndugu msomaji, leo safu hii inakwenda mahali ambapo haijapata kufika: juu ya ziwa lililoganda.

Mama mmoja wa Tanga, ambaye mwanawe anaishi katika jimbo la Minnesota nchini Marekani, alinionyesha picha aliyotumiwa na kijana huyo. Kijana ameketi juu ya ndoo iliyofudikizwa, katikati ya uwanja mweupe usio na mti wala nyumba, amejifunika gubigubi, mkononi ana kifimbo kifupi chenye mshipi, na mbele ya miguu yake pana tundu lisilozidi upana wa sahani. "Sheikh wangu," akaniuliza yule mama, "mwanangu amekosa nini huko hata akavue kwenye tundu la panya?" Ikanibidi nimweleze kwamba uwanja ule ni maji, na kwamba chini ya miguu ya mwanawe samaki wanaogelea kama kawaida yao.

Pamoja na picha lilikuja swali. Kijana amepata mahali penye samaki wengi. Wenzake wa msikitini wanamwuliza ni wapi, naye hataki kusema, kwa kuwa amekwisha kuona mahali pengine palivyoharibika baada ya watu kupajua. Je, anapata dhambi kwa kuficha? Nimelitafakari swali hili kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia, kwani limefungamana na haki za watu, na ndani yake mna pia suala la uhai na mauti.

Minnesota ni jimbo la kaskazini lenye maziwa zaidi ya 10,000. Ndilo jimbo lenye jamii kubwa kuliko zote ya Wasomali katika Marekani, na wako huko pia Wakenya, Wakongo na Wabantu wa Somalia ambao Kiswahili ni lugha yao ya nyumbani au ya ujirani. Majira ya baridi yanapoingia, maziwa huganda, na wenyeji hutoka na keekee ndefu za kutobolea barafu, vibanda vya turubai au vya mbao, na meko madogo ya gesi. Sheria ya jimbo inamruhusu mvuvi wa barafuni kutega mishipi miwili, ilhali wakati wa kiangazi kwa kawaida anaruhusiwa mmoja tu. Samaki anayetafutwa zaidi ni walleye, mwenye macho yanayong'aa gizani na nyama nyeupe isiyo na shombo kali.

Na hapa, ndugu msomaji, tusimame kidogo mbele ya hekima ya Muumba. Vitu vingi vikipoa huzidi kuwa vizito. Maji nayo huwa mazito zaidi yafikapo nyuzijoto 4 za Selsiasi. Yakipoa kupita hapo hurudi kuwa mepesi, na yakiganda huelea. Lau barafu ingekuwa nzito kuliko maji, ingezama, na ziwa lingeganda kuanzia chini hadi juu pamoja na kila kilicho hai ndani yake. Badala yake barafu imekuwa blanketi, na chini yake riziki inaendelea. Subhanallah! Mambo haya husomwa shuleni katika fizikia, na mwanafunzi akamaliza mtihani bila hata kushangaa.

Turudi kwenye swali. Samaki aliye majini hana mwenyewe. Wanazuoni wa fiqhi humhesabu katika mambo ya mubaha, yaani yaliyoachwa wazi kwa watu wote, na humilikiwa na yule anayemtia mkononi. Msingi wake unajulikana: Mtume (s.a.w.) amefundisha kwamba watu ni washirika katika maji, malisho na moto. Basi kijana wetu hamiliki ziwa, wala hamiliki samaki ambaye bado hajanasa. Lakini je, kutomiliki kunamlazimisha kutangaza? Sioni hivyo. Elimu ambayo kuificha ni dhambi ni ile ambayo watu wanaihitaji katika dini yao, au ambayo wakiikosa watadhurika. Kujua kwamba upande fulani wa ghuba fulani, saa ya kuchwa jua, walleye hupanda kutoka kilindini kuja kula, ni matunda ya jasho la mtu na subira yake. Wavuvi wa mshipi katika pwani yetu wanalijua jambo hili tangu enzi za mababu: mwamba wenye samaki hutambuliwa kwa kulinganisha alama mbili za nchi kavu, pengine mnazi na mnara wa msikiti, na alama hizo baba humwachia mwanawe.

Tena kuna hoja ya pili, yenye uzito kuliko ya kwanza, nayo ni hifadhi ya ziwa lenyewe. Nitatoa mfano wa Red Lake, kaskazini mwa jimbo hilo, ziwa la asili lililo kubwa kuliko yote yaliyomo mzima mzima ndani ya Minnesota. Lina sehemu mbili, ya juu na ya chini. Sehemu ya chini yote, na eneo kubwa la sehemu ya juu, ni mali ya taifa la Red Lake, Waojibwe, wenyeji wa asili wa nchi ile. Watu hawa wana historia ambayo Mwislamu anapaswa kuistahi. Mwaka 1889 Bunge la Marekani lilipopitisha sheria ya kuigawa ardhi ya Waojibwe wa Minnesota kwa mtu mmoja mmoja, wao, ingawa walilazimika kuachia eneo kubwa sana, walikataa ile iliyobaki isikatwe viwanja. Mpaka leo wanaimiliki kwa pamoja.

Hata hivyo, umiliki wa pamoja peke yake haukulinusuru ziwa. Uvuvi wa kupindukia, wa halali na wa magendo, wa wenyeji na wa wageni, ulilifikisha mahali ambapo kufikia katikati ya miaka ya 1990 walleye walikuwa karibu kutoweka. Mwaka 1997 wavuvi wa taifa hilo walisimamisha wenyewe uvuvi wao wa biashara. Mwaka 1999 wakaafikiana na serikali ya jimbo, na ziwa lote likafungwa kwa uvuvi wa walleye. Mamilioni ya vifaranga vya samaki yakamwagwa humo mwaka 1999, 2001 na 2003. Halikufunguliwa tena hadi mwaka 2006, na hata hapo kwa masharti makali ya idadi na ukubwa. Katika miaka hiyo ya katikati, samaki mwingine, crappie, alizaana kwa wingi katika nafasi iliyoachwa wazi. Habari zikaenea, na kila majira ya baridi magari yakamiminika barafuni kumfuata. Watu hawajifunzi upesi.

Kufunga mahali kwa maslahi ya wote si jambo geni katika Uislamu. Mtume (s.a.w.) alitenga bonde la Naqii karibu na Madina liwe hima, yaani malisho yaliyohifadhiwa, kwa ajili ya farasi wa jihadi, na Umar bin al-Khattab (r.a.) akatenga Sharaf na Rabadha. Lakini angalia busara ya Umar: alimwagiza msimamizi wake amruhusu kuingia mwenye ngamia wachache na mwenye kondoo wachache, na awazuie matajiri wenye mifugo mingi, kwa sababu tajiri akikosa malisho ana mashamba na mitende ya kurudia, ilhali maskini akikosa atakuja na watoto wake kulia mlangoni kwa khalifa. Nikilipima jambo hili barafuni, naona kwamba aliyekuja na kibanda chenye vitanda na televisheni, na chombo cha mawimbi ya sauti kinachomwonyesha kila samaki apitaye, hana sababu ya kunung'unika akinyimwa siri ya mahali. Mwenye ndoo na mshipi mmoja, anayetafuta kitoweo cha wanawe, huyo ana haki zaidi ya kushikwa mkono na kupelekwa. Kumpeleka mtu mmoja mhitaji ni ukarimu. Kuitangazia dunia nzima ni kulimaliza ziwa.

Na yule aliyepelekwa ana adabu yake: asiwapeleke wengine bila idhini ya aliyempeleka, kwani hiyo ni amana. Asitoboe karibu na tundu la mwenzake bila kumwomba ruhusa. Aliyetangulia mahali ana haki napo maadamu yupo, na akiondoka kwa haja kisha akarudi, bado ana haki zaidi. Hukumu hii wanazuoni waliitumia katika vikao vya masokoni na misikitini, na sioni kizuizi cha kuitumia juu ya maji yaliyoganda. Akikusanya vitu vyake akaenda zake, tundu ni la atakayefika. Ama mpaka wa maji ya taifa la Red Lake, hauonekani kwa macho, kwani theluji ni ileile upande huu na ule. Kutoonekana hakumhalalishii mtu kuuvuka. Maji yale yana wenyewe, na mgeni asiye na ruhusa yao akiyaingia anakula haki ya watu.

Sasa nije kwenye lile ambalo halifichiki. Nimesema kwamba mahali penye samaki mtu anaweza kupanyamazia. Mahali penye barafu nyembamba hawezi, awe anamjua mwenzake au hamjui, awe ni Mwislamu au si Mwislamu. Kuondoa udhia njiani ni katika matawi ya imani, na udhia gani mkubwa kuliko njia yenyewe kuyeyuka?

Idara ya Maliasili ya Minnesota inawashauri watu wasikanyage barafu yenye unene wa chini ya inchi 4, yaani sentimita 10 hivi, na hapo ni barafu mpya, safi, ing'aayo. Gari dogo linahitaji inchi 9 au 10. Barafu nyeupe, iliyochanganyika na theluji, ina nusu ya nguvu hiyo, hivyo unene wake uwe maradufu. Na si kweli kwamba ukipima mahali pamoja umepima ziwa zima: penye chemchemi, penye mdomo wa mto, penye ufa, unene hubadilika ndani ya hatua chache. Ndiyo maana wajuao hupima mara kwa mara wanavyosonga mbele.

Sehemu ya juu ya Red Lake ni pana na ina kina kifupi. Huganda mapema, na kwa hiyo wenye pupa ya msimu huikimbilia. Upana huohuo huupa upepo nafasi ya kulisukuma tandiko lote la barafu likaachana na ufuko. Tarehe 28 Novemba 2022 watu wapatao 200 walijikuta juu ya kipande cha barafu kilichokwisha kukatika, huku maji yakizidi kupanuka kati yao na nchi kavu. Waliokolewa wote, alhamdulillah. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 29 Desemba 2023, katika ziwa lilelile, zaidi ya watu 100 wakaokolewa kwa namna ileile. Si wote katika maziwa wajaliwao hivyo: tarehe 7 Februari 2009, katika Ziwa Erie upande wa Ohio, zaidi ya watu 100 walikatikiwa na barafu, na mmoja wao alifariki baada ya kutumbukia majini. Siku ile wavuvi walikuwa wameweka mbao juu ya ufa ili wavuke. Waliouona ufa walikuwa wengi. Waliogeuka kurudi na kuwazuia wengine, kama walikuwapo, hawakutosha.

Kwa hiyo jibu langu kwa kijana ni hili. Siri yako ya walleye ibaki kwako, mpe umtakaye kwa kiasi. Lakini ukiona ufa, au maji yaliyotuama juu ya barafu, au ukipima ukakuta inchi 3, mpigie simu kila unayemjua kwamba anakuja, hata kama kwa kumwambia hivyo atagundua mahali pako. Ukiacha tundu, hasa lile pana la wavuvi wa mkuki, chomeka tawi la mti kando yake, kwa sababu litaganda juujuu usiku, theluji italifunika, na atakayepita asubuhi huenda ni mtoto. Jina la kituo chako lisikufanye ukaona haya kusema ukweli.

Samaki unaowatoa ni halali bila kuchinjwa, lakini usiwaache wakipapatika juu ya theluji mpaka wagande wakiwa hai, nawe una uwezo wa kuwamaliza kwa pigo moja. Wale ambao sheria inataka warudishwe, warudishe upesi. Takataka zako ondoka nazo, kwani barafu ikiyeyuka ziwa litazimeza, na hayo ni maji ya kunywa ya viumbe.

Limebaki suala la sala, maana mwezi wa Desemba huko jua huchwa yapata saa kumi na nusu jioni, na Adhuhuri na Alasiri hukaribiana sana. Kutoka Minneapolis hadi Red Lake ni safari ya saa nne au zaidi kwa gari, kwa hiyo msafiri ana ruhusa ya kukusanya na kupunguza. Aliyevaa khofu kwa masharti yake atapangusa juu yake, asivue mguu kwenye baridi ile. Jamaa ikisimama, kawaida yetu ni bega kwa bega. Ila uzito wa watu kumi waliobanana mahali pamoja ni jambo jingine juu ya barafu ya mwanzo wa msimu. Hapo rudini ufukoni msali, na kama mmechelewa na wakati unatoka, kila mmoja asali pale alipo, akiwa mbali na mwenzake.