Lafudhi ya Msafiri: Kutoka Uluguru hadi Ng'ambo

Mzungumzaji wa Kiluguru ateremkapo kutoka Matombo au Mgeta kuingia mjini Morogoro, Kiswahili chake huja na alama za milimani. Kiswahili sanifu hupambanua /l/ na /r/, kama katika kula na kura; lugha nyingi za Kibantu hazina upambanuzi huo, na jina lenyewe la jamii hii husikika mara Waluguru, mara Waruguru. Sokoni alama hizo humletea utani tu, na mambo huishia hapo, kwa kuwa msikilizaji naye ana kwao.

Msafiri huyohuyo akivuka Namanga kwenda Nairobi, hukumu hubadilika. Huko ni wachache wanaoshughulika na /l/ yake. Kiimbo na msamiati wake humtambulisha kuwa Mtanzania, na aghalabu husifiwa kwa Kiswahili kilekile ambacho mwalimu wake alikuwa akikisahihisha. Ulimi ni uleule. Kilichobadilika ni sikio, nalo wanaisimu wamelichunguza kidogo kuliko linavyostahili.

Sikio hilo linapokuwa na mamlaka, utani hukoma. Tangu miaka ya 1990, nchi kadhaa za Ulaya zimekuwa zikirekodi mazungumzo ya waombaji hifadhi ili kukadiria watokako. Miongoni mwao wamo Wabajuni waliokimbia vita vya Somalia vilivyozuka mwaka 1991. Kibajuni ni lahaja ya Kiswahili inayozungumzwa pande zote mbili za mpaka wa Kenya na Somalia, mpaka uliochorwa na wakoloni bila kuiuliza lahaja. Mbajuni aliyezaliwa visiwani Somalia, akaishi miaka kadhaa Mombasa, hurudi na matamshi ya Mombasa. Je, matamshi hayo yamemfanya Mkenya? Mwaka 2004 wanaisimu 19 walitoa mwongozo wa pamoja wakieleza kuwa lugha huonyesha jamii ambamo mtu alikulia na kuzoea kusema, wala haithibitishi uraia. Tofauti hiyo huonekana ndogo darasani. Kwa anayesubiri uamuzi, ni tofauti kati ya kupokewa na kurudishwa.

Lafudhi inaweza pia kumfungulia mtu mlango. Katika karne ya 19 Wazigua wengi walichukuliwa utumwani hadi pwani ya Somalia. Baadhi yao walitoroka wakaweka makazi kando ya mto Juba, na vizazi vyao viliendelea kusema Kizigua. Malcolm Guthrie aliiweka lugha hiyo na Kiluguru katika kundi moja, G30, hivyo msikilizaji wa Morogoro hukuta humo maneno mengi ya nyumbani. Huko Somalia usemi huo, pamoja na asili ya utumwa, uliwatia katika tabaka la chini. Vita vilipowatawanya, baadhi walibaki katika kambi za Kenya, na Marekani ikakubali kuwapokea Wasomali Wabantu wapatao 12,000. Wengine walifika Tanzania, ambako mwaka 2003 walipewa makazi Chogo, wilayani Handeni, na baadaye wengi wao wakapata uraia. Maafisa walikuwa na nyaraka za kukagua. Wenyeji wa Handeni, ambao nao ni Wazigua, waliwasikia tu wakisema, wakawaita ndugu.