KITABU GANI TUSOME PAMOJA?

Kujua kusoma ni kama kuwa na jembe. Jembe linalolima kila msimu hung'aa. Jembe lililoachwa pembeni hupata kutu. Mtu aliyejifunza kusoma, kisha akakaa miaka bila kusoma kitu, huanza kusahau. Kwanza hushindwa kusoma maneno marefu. Baadaye huona aibu kushika kitabu mbele ya watu. Mwisho hurudia kuweka dole gumba.

Tuangalie nchi ya Tanzania. Mwaka 1967, katika kila watu wazima kumi, karibu saba hawakujua kusoma na kuandika. Mwaka 1970 ukatangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Watu wengi wakaingia madarasani. Kufikia mwaka 1986, hesabu za serikali zilionyesha kuwa wasiojua kusoma hawakufika hata mmoja katika kila kumi. Lakini sensa ya mwaka 2002 ilionyesha tena karibu watatu katika kila kumi. Sababu zake ni nyingi. Mojawapo ni hii: wengi walimaliza kisomo, kisha hawakuwa na kitu cha kusoma.

Kikundi cha kusoma ni dawa ya kutu hiyo. Watu kumi au kumi na watano hukutana mara moja kwa wiki. Husoma kitabu kimoja kwa sauti, wakipokezana. Kisha huzungumza juu ya waliyoyasoma. Kazi hii si ngumu. Lakini kikundi hufa upesi kikichagua kitabu kisichofaa. Somo hili linaeleza jinsi ya kuchagua.

1. Nani achague?

Mara nyingi anayechagua ni mwalimu, au yule aliyesoma kuliko wenzake. Huchagua kitabu anachokipenda yeye. Wiki ya kwanza wanakuja watu kumi na watano. Wiki ya tatu wanakuja tisa. Wiki ya tano wamebaki wanne. Walioondoka hawasemi kwamba kitabu ni kigumu. Wanasema wana kazi nyingi shambani.

Kwa hiyo kitabu kichaguliwe na wote. Nao wote wakumbuke jambo moja: kitabu cha kikundi si cha yule anayesoma haraka. Ni cha yule anayesoma polepole. Yeye akikiweza, wote wamekiweza.

2. Kipimeni kabla ya kukichagua

Msichague kitabu kwa kutazama jalada lake. Fungueni ukurasa wa katikati. Anayesoma polepole asome ukurasa huo, kwa hiari yake, bila kuharakishwa. Wengine wasikilize. Kila likija neno ambalo wengi hawalijui, mtu mmoja akunje kidole. Vidole vya mkono mmoja vikiisha kabla ya ukurasa kwisha, kitabu hicho ni kigumu kwa sasa. Kiwekeni, mtakirudia mwakani.

Tazameni pia ukubwa wa herufi. Kama mnakutana usiku, kipimeni kitabu kwa taa ile ile mtakayoitumia. Herufi zinazosomeka mchana huwasumbua wazee usiku.

Tena, kitabu chembamba si lazima kiwe chepesi. "Kusadikika" cha Shaaban Robert, kilichotolewa mwaka 1951, ni chembamba. Kinaeleza habari za Karama, mtu aliyeshtakiwa mbele ya mfalme kwa kutaka watu wafundishwe sheria. Ni kitabu kizuri sana, lakini Kiswahili chake ni kizito. Kikundi kipya kinaweza kuanza na hadithi za Abunuwasi. Kila hadithi ni fupi, nayo huisha siku ile ile. Mtu aliyekosa wiki iliyopita hajapotea njia.

3. Je, kina jambo linalotugusa?

Mwaka 1973 kulikuwa na kampeni ya "Mtu ni Afya" katika Tanzania. Watu wapatao milioni mbili walikutana katika vikundi. Walisikiliza redio, wakasoma vijitabu, kisha wakajadiliana. Vijitabu vile vilizungumza juu ya malaria, maji na vyoo. Watu walijiuliza, "Je, sisi hapa kwetu hali ikoje?" Kisha vijiji vingi vikachimba vyoo. Kitabu kilikuwa kimegusa maisha yao.

Hadithi nayo hugusa maisha. Aniceti Kitereza wa Ukerewe aliandika habari za Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka. Mume na mke hawa walipendana, lakini hawakuwa na mtoto. Ndugu wa mume walimsema vibaya mke, na wazazi wake wakamrudisha kwao. Mume hakukubali kumwacha. Alimfuata mkewe mpaka ukweni. Kitereza alimaliza kuandika habari hiyo kwa Kikerewe mwaka 1945. Kitabu kilitoka kwa Kiswahili mwaka 1980, naye alifariki mwaka 1981. Ni kazi ndefu, yenye vitabu viwili. Lakini kikundi kinaweza kusoma sehemu ya kwanza peke yake. Baada ya hapo watu watauliza: Mtoto asipopatikana, kwa nini alaumiwe mwanamke peke yake? Ndugu waingilie ndoa ya mtu mpaka wapi?

Mfano mwingine ni "Rosa Mistika" cha Euphrase Kezilahabi, cha mwaka 1971. Baba mkali anamfungia binti yake asizungumze na wavulana. Binti anapokwenda shule mbali na nyumbani, anaharibikiwa. Kosa ni la nani? La baba? La binti? La wakubwa waliomdanganya? Kitabu hiki kiliwahi kupigwa marufuku mashuleni kwa sababu kinataja mambo ya aibu waziwazi. Kwa hiyo kikundi cha wazee na vijana, wakwe na wakamwana, kikubaliane kwanza. Watu wengine watapenda kukisoma wanawake peke yao na wanaume peke yao. Hilo si kosa.

Kitabu ambacho kila mtu anakubaliana nacho huisha kimya kimya. Kitabu kizuri kwa kikundi ni kile ambacho watu wanabishana juu yake hata njiani wakirudi nyumbani.

4. Pigeni hesabu

Ulizeni kwanza: kuna nakala ngapi? Nakala moja kwa watu watatu inatosha. Ikiwa mko kumi na wawili, tafuteni nakala nne. Kama nakala ni chache, jaribuni mchezo wa kuigiza. "Kinjeketile" cha Ebrahim Hussein, cha mwaka 1969, kinahusu vita vya Maji Maji vya mwaka 1905 hadi 1907. Kila msomaji huchukua sauti ya mtu mmoja, na wengine husikiliza kama wako penye ngoma.

Kisha hesabuni kurasa. Mkisoma kurasa 8 kwa wiki, kitabu cha kurasa 96 kitakwisha kwa wiki 12. Hiyo ni miezi mitatu. Je, miezi hiyo itaingia katika wakati wa kupalilia au kuvuna? Kama ndivyo, chagueni kifupi zaidi.

5. Kura ya punje

Wekeni mezani vitabu vitatu mlivyovipima. Mbele ya kila kitabu wekeni kopo lenye mdomo mwembamba. Kila mtu apewe punje moja ya mahindi. Aingie peke yake, atie punje katika kopo la kitabu anachokitaka. Kisha punje zihesabiwe mbele ya wote. Kwa njia hii kijana hataogopa kumpinga mzee, wala mke hatamtazama mumewe usoni kwanza.

Kitabu kikishinda, kijaribuni kwa wiki tatu. Mkiona watu wanapungua, ulizaneni bila kulaumiana. Mnaweza kukiacha na kuchukua kile cha pili. Kuacha kitabu kisichofaa si kushindwa. Kushindwa ni kuacha kusoma.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kwa nini watu huacha kuja bila kusema kwamba kitabu ni kigumu?
2. Kikundi chenu kina watu wangapi? Mnahitaji nakala ngapi?
3. Kitabu kina kurasa 60. Mnasoma kurasa 5 kila wiki. Kitakwisha baada ya wiki ngapi?
4. Ni jambo gani katika kijiji chenu mngependa kusoma habari zake na kubishana juu yake?

KAZI YA WIKI HII

Kila mtu alete jina la kitabu kimoja alichokisikia au alichokiona. Andikeni majina yote ubaoni.