"Inakula uniti ngapi?" Swali linalomchosha fundi wa Lukuledi

Nje ya duka moja la dawa mjini Masasi, chini ya boksi la nje la kiyoyozi, huwekwa ndoo ya lita 20 iliyofunikwa kwa kitambaa cheupe. Mpira mwembamba unatoka ukutani, unapita kando ya kitambaa na kuingia ndooni. Maji yanadondoka polepole, safi, na ya baridi ukiyagusa. Mwenye duka hataki mtu aiguse ndoo yake. Asubuhi maji hayo hupigia deki, mengine humwagia mche wa mwarobaini alioupanda mbele ya kibaraza, na kijana wa bodaboda anayeegesha pale jirani huomba chupa moja akatie kwenye betri.

Ilikuwa Februari, hewa nzito, lakini siku hiyo mvua ilikuwa haijanyesha. Dukani hakuna bomba. Nilikuwa nimefuata dawa ya mafua tu, nikajikuta nimesimama mbele ya ndoo nikijiuliza kwa sauti maji yale yanatoka wapi.

"Yanatoka hewani," alinijibu fundi aliyekuwa juu ya ngazi akipangusa filta. "Yalikuwamo mle ndani kabla hujaingia. Mengine umekuja nayo wewe, kwenye pumzi na jasho lako. Mimi nimeyatoa nje, basi."

Ni mzaliwa wa Lukuledi, kwenye njia ya Nachingwea, na ufundi wa majokofu na viyoyozi aliusomea Gerezani, Dar es Salaam, kwa kumbebea fundi mwingine mtungi wa gesi. Jina lake hakupenda niliandike. Kwao anajulikana kama fundi friji, na anasema hilo linamtosha. Kilichomfanya ashuke kwenye ngazi na kukaa na mimi kibarazani si maji. Ni swali lililofuata, ambalo nililiuliza kama angeliuliza yeyote mwenye mita ya LUKU nyumbani: mashine hii inakula uniti ngapi?

"Nyote mnauliza hilo," alisema. "Mtu hajaniuliza itamfanyia nini, kashaniuliza itakula nini. Ng'ombe mwenyewe ukimnunua unauliza maziwa kwanza."

Kisha akanieleza kazi ya mashine hiyo, na sijawahi kuisikia ikielezwa vizuri zaidi. Kiyoyozi hakitengenezi baridi. Joto kwa hulka yake hutoka penye joto kwenda penye ubaridi, kama maji yanavyoteremka bondeni yenyewe. Kulirudisha kinyume kunahitaji pampu, sawasawa na maji ya Mitema yanavyosukumwa kuipanda nyanda ya Makonde hadi Newala. Kompresa ndiyo pampu yenyewe. Gesi inachukua joto chumbani, inaminywa, inalitua nje, inarudi kuchukua lingine. Na kwa sababu inahamisha tu, haizalishi, uniti moja ya umeme inaweza kuhamisha joto la uniti tatu hivi. Friji ni mashine hiyo hiyo kwenye kabati. Huko Norway na Sweden wameigeuza: inalitafuta joto kwenye hewa ya theluji na kuliingiza sebuleni.

"Sasa umeniuliza uniti, nimekujibu," alisema. "Twende kwenye maziwa."

Akamwita mwenye duka, mama mmoja mpole aliyekuwa akihesabu chenji, akamwomba atuonyeshe "lile kopo". Lilikuwa kopo la aspirini lililokwisha muda wake, ambalo mama amelihifadhi makusudi tangu enzi za duka lake la zamani, chumba kimoja chenye bati tupu juu. Akafungua. Ilipiga harufu ya siki. Vidonge vya aspirini vikipata unyevu na joto huanza kuvunjika, na kimojawapo cha vinavyozaliwa humo ni asidi ile ile ya siki. Kidonge ukikitazama bado ni cheupe, bado ni cha mviringo. Mgonjwa ambaye hakunusa angekimeza.

Karibu kila pakiti pale rafuni imeandikwa ihifadhiwe chini ya nyuzi 30, pakavu. Chumba chenye bati bila dari, saa nane mchana mwezi wa Novemba, kinavuka hapo bila shida. Chumvi ya kuongeza maji mwilini hushikana ikawa jiwe. Dawa za kuingiza njia ya haja kubwa huyeyuka ndani ya maganda yake. Na kwenye friji, ndani ya nyuzi 2 hadi 8, wanahifadhi insulini. Hospitali nazo huhifadhi kwa kiwango hicho oksitosini, sindano ya kuzuia mama aliyejifungua asitokwe damu nyingi. Dawa hiyo ikipashwa joto hupungua nguvu kimyakimya, na hakuna siki ya kukuonya.

"Hiyo utaipigia hesabu ya uniti?" aliuliza fundi. Sikuwa na jibu.

Baadaye nilisoma kidogo nikaona kwamba historia iko upande wake. Mwaka 1902 Willis Carrier, injinia kijana wa Marekani, alibuni mtambo unaotajwa kuwa kiyoyozi cha kwanza cha kisasa, kwa ajili ya kiwanda cha uchapaji cha Brooklyn, New York. Aliyekuwa akipata taabu pale ni karatasi. Unyevu wa majira ya joto uliitanua na kuikunja, rangi zikawa haziangukii mahali pake. Nyuma zaidi, mwaka 1856, Peter von Rittinger wa Austria aliunda pampu ya joto kwa ajili ya kukausha chumvi. Kumpoza mtu aliyeshiba pilau kulikuja baadaye.

Hapa fundi ana ndoto yake, naye huieleza haraka kama anayeogopa kuchekwa. Korosho. Zikivunwa huku mvua zimeanza, mkulima hana jua la kuanikia. Anazipeleka ghalani na unyevu wake, zinashushwa daraja, na pesa ya mnada inapungua. Yeye anawaza chumba kilichozibwa vizuri na mashine inayozungusha hewa ile ile, ikiikamua maji na kuirudisha kavu. Nilimuuliza kama itawalipa wakulima. "Kwa ghala zima sijui," alisema. "Kwa mbegu, au kwa korosho iliyobanguliwa ya kikundi cha kina mama, ningependa mtu anipe nafasi nijaribu." Viongozi wa vyama vya msingi mnasoma.

Hasifii kila kitu. Ile ndoo, kwa mfano. Kiyoyozi cha BTU 12,000 siku ya unyevu mwingi kinaweza kutoa lita moja kwa saa, na katika mji ambao umeijua tabu ya maji kabla ya mradi wa Mbwinji, lita hizo zina heshima yake. Lakini ikifika Agosti, hewa ikikauka, mpira unadondosha tone moja moja. Maji yanakuja kwa wingi wakati mvua nazo zipo. Tena si ya kunywa, maana yamepita kwenye vumbi na mabomba. Hata betri yeye asingeitilia: "Betri inataka maji ya betri. Yule kijana nimemwambia, hasikii."

Pia kuna joto lenyewe, ambalo halifi. Juu ya ile ndoo, boksi la nje linapuliza hewa ya moto kwenye kichochoro anamokaangia chipsi dada mmoja, ambaye tayari ana moto wa mkaa mbele yake. Amesogeza jiko mara kadhaa. Dawa zimepoa, yeye anaungua. Nilimuuliza fundi nani aliyechagua ukuta ule. Alinyamaza kwanza, kisha akasema mwenye nyumba hakutaka ukuta wa mbele utobolewe.

Na gesi. Mwaka 2016, hapa hapa Afrika Mashariki, mataifa yalikubaliana Kigali kupunguza gesi za viyoyozi ambazo haziharibu tabaka la ozoni lakini zinaipasha dunia joto. R410A, iliyozagaa madukani, ina nguvu ya kupasha dunia takriban mara 2,000 ya hewa ukaa. Mbadala mmoja ni R290, ambayo ni propani. Madhara yake hayo ni madogo sana, ila inawaka, na fundi asiyejua akichomelea bomba ikiwa bado imo anaweza kujiunguza. Fundi wetu anayajua haya yote. Mashine ya kuinyonya gesi ya zamani badala ya kuiachia angani, hana. Nani amnunulie?

Kuhusu nyumba, ushauri wake unaniuma kwa niaba ya mfuko wake: kabla ya kumwita, piga dari. Wamisionari Wabenediktini waliofika Lukuledi mwaka 1895 hawakuwa na kompresa. Walikuwa na kuta nene na vibaraza virefu, na wenyeji walikuwa na nyasi juu. Bati bila dari litaifanya mashine isukume joto kutwa nzima na isilimalize.

Msimu ujao wa mnada, pesa za korosho zitakapoanza kuingia, atakuwa na kazi nyingi. Anaomba mteja amwambie kwanza chumba ni cha nini, cha dawa, cha mtoto mwenye harara au cha kuuzia soda. Amwonyeshe boksi la nje litampulizia nani. Ndipo waje kwenye uniti. Na filta isafishwe kila baada ya wiki mbili. Hiyo haihitaji fundi.