Kusoma Ramani: Kutoka Kasese Hadi Bwera

Mtu akiuliza umbali wa kutoka Kasese hadi Bwera, aweza kupewa majibu mawili, na yote mawili yakawa ya kweli. Dereva wa basi atasema ni zaidi ya kilomita 50. Mwenye ramani na rula atapima mstari ulionyooka, kisha atasema ni kilomita 40 hivi. Hakuna aliyesema uongo. Barabara haiendi moja kwa moja. Hushuka kwanza kusini hadi Kikorongo, karibu na Ikweta, ndipo igeuke magharibi na kuzunguka miguu ya milima ya Rwenzori, ipite Kinyamaseke, hata ifike Bwera na mpaka wa Mpondwe.

Ramani njema yaweza kutoa majibu yote mawili, na mengine mengi, lakini humjibu yule tu anayejua namna ya kuiuliza. Watu wengi huitazama kama pambo la ukutani la ofisi au darasa. Wengine hudhani kuwa ni kazi ya wapima ardhi na maafisa wa jeshi peke yao. Katika wilaya ya Kasese dhana hiyo ni ya hatari. Hapa pana mlima wenye theluji, maziwa, hifadhi ya wanyama, mpaka wa nchi na mito inayofurika. Polisi anayetafuta mtoto aliyepotea, muuguzi anayekwenda kuchanja vijijini, na baba anayenunua kiwanja cha kujengea nyumba, wote wanaihitaji elimu hii.

Tazama pambizo kwanza

Kabla ya kidole kugusa mji wowote, macho yapaswa kuzunguka pambizo za ramani na kutafuta mambo matano: jina la ramani, mwaka ilipochapishwa, skeli yake, ufunguo wa alama, na mshale unaoonyesha kaskazini.

Mwaka ni jambo linalosahauliwa mno. Ramani ya zamani huonyesha reli kutoka Kampala hadi Kasese. Reli hiyo ilifika mwaka 1956 ili kuchukua shaba ya Kilembe, lakini ni miaka mingi sasa tangu treni zikome kwenda huko. Ramani iliyochapishwa katika miaka ya 1970 yaweza kuliita Ziwa Edward kwa jina la Idi Amin, maana lilibadilishwa jina mwaka 1973. Kuna mtego mwingine mkubwa zaidi. Katika utawala huohuo, hifadhi ya Queen Elizabeth, yaani ile nchi tambarare ya tembo na viboko, iliitwa Ruwenzori. Baadaye ilirudishiwa jina la Queen Elizabeth, na mwaka 1991 ikaundwa hifadhi nyingine ya Milima ya Rwenzori, huko juu kwenye baridi na theluji. Mtu akiambiwa kukutana na wenzake katika hifadhi ya Rwenzori, naye ameshika ramani ya mwaka 1975, atakwenda kuwangoja kwa simba.

Kaskazini nayo yataka uangalifu. Wenyeji wengi hujielekeza kwa kuutazama mlima, na hilo ni jambo jema, mradi mtu akumbuke kwamba yeye ndiye anayehama. Kwa aliye Kasese mjini, vilele vya Rwenzori viko kaskazini-magharibi. Akifika Bwera, vilele vilevile viko upande wa kaskazini. Aliyezoea kusema kuwa mlima uko magharibi atageuza ramani yake vibaya, na kila njia atakayoifuata itampoteza. Dawa yake ni kuilaza ramani chini, kuigeuza mpaka mshale wake uelekee kaskazini ya dira, kisha kulinganisha mlima, ziwa na barabara na vile vilivyochorwa.

Skeli: kupunguza nchi

Skeli ni uwiano kati ya urefu ulio kwenye karatasi na urefu ulio ardhini. Ramani ya skeli ya 1:50,000 maana yake ni kwamba sentimita 1 ya karatasi ni sentimita 50,000 za ardhi, yaani nusu kilomita. Kwa hiyo zile kilomita 40 za mstari ulionyooka kati ya Kasese na Bwera zitakuwa sentimita 80. Hazienei katika karatasi moja, na itabidi kuunganisha kadhaa. Katika ramani ya 1:250,000 zitakuwa sentimita 16 tu. Katika atlasi ya nchi nzima, miji hiyo miwili hukaribiana kama punje mbili za mtama.

Kadiri namba ya pili inavyokuwa kubwa, ndivyo nchi inavyozidi kupunguzwa, na ndivyo mambo madogo yanavyopotea. Njia ya miguu, kisima na kivuko vilivyo katika ramani ya 1:50,000 havionekani katika atlasi. Asiyeviona katika atlasi asidhani kuwa havipo.

Ili kupima barabara yenye kona hakuna haja ya chombo cha gharama. Chukua uzi, ulaze juu ya barabara ukifuata kila kona, kisha unyooshe uzi huo juu ya mstari wa skeli ulio chini ya ramani. Mtoto wa darasa la tano aweza kuifanya kazi hiyo mezani jioni.

Kila ramani na kazi yake

Ramani ya utawala huonyesha mipaka ya nchi, wilaya na kaunti. Humsaidia karani na polisi kujua shauri ni la eneo gani, lakini haisemi kama njia ya kufika huko ni ya mteremko au ya matope. Ramani ya barabara humfaa dereva. Ramani ya viwanja huonyesha mipaka ya ardhi ya kila mwenye hati, na huzuia ugomvi mwingi wa majirani ikisomwa kabla ya fedha kutolewa. Ramani ya jiolojia huonyesha aina za miamba. Ndiyo imwelezayo mtu kwa nini shaba ilichimbwa Kilembe, na kwa nini kiwanda cha saruji kiko Hima, penye chokaa. Ziko pia ramani za jambo moja tu, kama vile mvua, wingi wa watu au magonjwa.

Ramani ya sura ya nchi, ambayo wataalamu huiita ya topografia, ndiyo inayokusanya mengi: vilima, mito, misitu, vijiji, njia na majengo makubwa. Nchini Uganda ramani za namna hii hutolewa na idara ya serikali ya upimaji na ramani iliyoko Entebbe. Siku hizi simu nayo ina ramani, na ni msaada mkubwa, ila kwa kawaida humwonyesha mtu barabara na kumficha mlima. Tena betri hukwisha, na mitambo ya mawasiliano haifiki kila bonde.

Mistari ya kontua na mafuriko

Mistari ya kahawia inayojipinda katika ramani ya topografia huwatisha wanafunzi wengi, ingawa kanuni yake ni nyepesi. Kila mstari, ambao huitwa kontua, huunganisha mahali penye kimo kimoja kutoka usawa wa bahari. Mistari ikiwa mbalimbali, nchi ni tambarare. Ikibanana, ni mteremko mkali. Tuseme kimo kati ya mstari na mstari ni meta 20, na mtu akavuka nafasi kumi ndani ya sentimita 1 ya ramani ya 1:50,000. Hapo atapanda meta 200 katika mwendo wa meta 500, na huo ni mlima wa kupumzikia njiani. Yafaa kuangalia pambizo tena, kwa kuwa ramani za zamani huhesabu vimo kwa futi.

Mwaka 1892 mpanda milima wa Scotland, William Naismith, alitoa kanuni ambayo hutumika hata leo: hesabu saa moja kwa kila kilomita 5, kisha ongeza saa moja kwa kila meta 600 za kupanda. Kwa hesabu hiyo, safari ya kilomita 10 yenye mpando wa meta 600 huchukua saa tatu, wala si mbili. Kiongozi wa doria asiyeihesabu saa ya tatu atakutwa na giza njiani pamoja na watu wake.

Pindo za kontua nazo zina maana. Mistari ikipinda kama ncha ya mshale kuelekea juu mlimani, hapo ni bonde, na aghalabu pana mto au mkondo wa maji ya mvua. Ikipinda kuelekea chini, ni mgongo wa kilima. Jambo hili dogo laweza kuokoa nyumba. Kilele cha Margherita kina kimo cha meta 5,109, ilhali Ziwa George liko kwenye meta 900 na kidogo, na umbali wa kati hauzidi kilomita 60. Maji ya mlima hushuka zaidi ya meta 4,000 katika mwendo huo mfupi, yakibeba mawe na magogo. Ndiyo sababu mito kama Nyamwamba na Mubuku hugeuka haraka inaponyesha huko juu, hata kama jua linawaka Kasese mjini.

Mei 2013 Nyamwamba ilifurika na kuharibu makazi ya Kilembe na Kasese. Mei 2020 mito ya wilaya ilifurika tena, na hospitali ya Kilembe ikapatwa na hasara kubwa. Septemba 2022 maporomoko ya ardhi katika Rukoki yaliua watu zaidi ya kumi, wengi wao wakiwa watoto na kina mama. Ramani haizuii mvua. Lakini mwenye kuisoma huona kwamba uwanja mzuri wa tambarare, pale bonde jembamba linapofunguka, ni mahali ambapo mto umezoea kumwaga mzigo wake. Huona pia kwamba nyumba iliyo chini ya kontua zilizobanana imekaa chini ya udongo unaoweza kuteremka. Maswali hayo yapasa kuulizwa kabla ya kununua matofali.

Nyuzi 30 Mashariki

Kati ya Kasese na Bwera unapita mstari ambao hakuna msafiri anayeuona: longitudo ya nyuzi 30 Mashariki. Mwezi Mei 1894 Uingereza na Mfalme Leopold wa Pili, aliyeitawala Kongo, walikubaliana kwamba mstari huo uwe mpaka wao. Ulichorwa juu ya karatasi Ulaya, na waliouchora hawakuwa na vipimo vya kutosha vya nchi yenyewe. Kasese iko mashariki ya mstari huo; Bwera na Katwe ziko magharibi yake. Lau mpaka huo ungalidumu, Bwera ingalikuwa Kongo leo. Mapatano ya mwaka 1910 yaliuacha, na mpaka ukafuata mito, maziwa na vilele: mto Lhubiriha hapo Mpondwe, kilele cha Margherita, na kuendelea hadi mto Semliki.

Hata hivyo, ramani ya mpaka haionyeshi undugu. Wakonzo wa Bwera na ndugu zao wa ng'ambo husema lugha moja, hukutana sokoni na huoana. Juni 2019 ugonjwa wa Ebola ulivuka kutoka Kongo pamoja na jamaa waliokuwa wakirudi nyumbani. Mlinzi wa mpaka au mhudumu wa afya anayetazama mstari na kituo cha forodha peke yake, bila kuzijua njia za miguu, ameona nusu ya jambo.

Mstari huo wa nyuzi 30 una kazi nyingine inayowahusu hasa askari. Mfumo wa gridi utumikao duniani huigawa dunia katika kanda 60. Kanda ya 35 hukomea hapo, na ya 36 huanzia hapo. Namba za gridi hazipiti kwa mfululizo: upande wa magharibi wa mstari huo zinakaribia kilomita 834, na upande wa mashariki zinaanza upya kwenye 166 hivi. Kwa hiyo namba ya mahali iliyotumwa kwa redio kutoka Bwera kwenda Kasese bila kutaja kanda yaweza kuwapeleka waokoaji pasipo na mtu. Tena namba ya kwenda mashariki husomwa kwanza, na ya kwenda kaskazini hufuata. Anayezigeuza huwa ametaja mahali pengine kabisa.

Ramani ya nyumbani

Elimu hii haingojei karatasi ya Entebbe. Jamaa wakae pamoja, wachore ramani ya mtaa wao juu ya daftari, wakipima kwa hatua. Waweke mshale wa kaskazini, waandike tarehe, kisha watie nyumba, shule, kisima, zahanati, kituo cha polisi na daraja. Watie mahali mto ulipofika ulipofurika mara ya mwisho, wazee wanapajua. Waonyeshe njia ya kupanda juu isiyovuka maji, na nyumba za wajane, wagonjwa na wazazi wapya, ambao watahitaji kushikwa mkono. Mwaka ujao waitazame tena, wafute kilichoondoka, waongeze kilichojengwa. Mtoto aliyeichora ataijua njia hiyo hata usiku, wakati wa mvua, taa ikiwa imezimika.