Siku au Wakati? Uteuzi wa Umbo la Tarehe katika Saraka za Tarakilishi

Utangulizi

Tarehe 03/04/2005 ina utata. Msomaji wa Kenya ataichukulia kuwa siku ya tatu ya mwezi wa Aprili, ilhali msomaji wa Marekani ataiona kuwa siku ya nne ya mwezi wa Machi. Binadamu akitatizika huuliza, tarakilishi haiulizi. Makala haya yanafafanua namna ya kuteua umbo la kuhifadhi tarehe katika huduma ya saraka, yaani hifadhi kuu ambamo taasisi huweka kumbukumbu za watumiaji wake: majina, idara, nywila na kikomo cha kila akaunti. Saraka moja husomwa na programu nyingi zilizoundwa na watu tofauti. Hivyo basi, utata ukiingia humo huenea kote. Hoja ya msingi ni kwamba suala hili ni la kisemantiki kabla ya kuwa la kiufundi: kinachohifadhiwa ni siku, au ni wakati mahususi?

Maumbo yaliyopo

Saraka nyingi hutumia itifaki ya LDAP. Sintaksi yake kuu ya wakati, iliyofafanuliwa upya katika viwango vya mwaka wa 2006, hupanga mwaka kwa tarakimu nne, kisha mwezi, siku, saa, dakika na sekunde bila nafasi. Herufi Z mwishoni huashiria UTC, ambao ni wakati wa marejeo wa dunia. Kwa mfano, 20050403060000Z ni saa tatu asubuhi, tarehe 3 Aprili 2005, jijini Nairobi. Kwa kuwa umbo hili huanza na kipimo kikubwa na kuishia na kidogo, kulipanga kwa tarakimu ni sawa na kulipanga kwa wakati. Viwango hivyo hivyo viliacha kupendekeza sintaksi ya zamani yenye mwaka wa tarakimu mbili, kwani 05 haielezi iwapo ni 1905 au 2005.

Umbo la pili ni namba. Mifumo ya Unix huhesabu sekunde tangu tarehe 1 Januari 1970. Active Directory ya Microsoft, katika sifa kama vile kikomo cha akaunti, huhesabu sehemu moja ya milioni kumi ya sekunde tangu tarehe 1 Januari 1601. Aidha, baadhi ya sifa za nywila za Unix zinazowekwa katika saraka huhesabu siku, wala si sekunde, tangu 1970. Namba hurahisisha kujumlisha na kutoa. Hata hivyo, namba tupu haitaji kipimo chake. Isitoshe, hesabu ya sekunde za Unix iliyowekwa katika biti 32 zenye alama ya hasi itafikia ukomo tarehe 19 Januari 2038, saa kumi na mbili na dakika kumi na nne asubuhi kwa saa za Kenya.

Siku si wakati

Chukua mfano wa mtu aliyezaliwa tarehe 1 Januari 1985. Programu ikiichukulia siku hiyo kuwa saa sita usiku ya Nairobi na kuigeuza kuwa UTC, itahifadhi 19841231210000Z. Programu nyingine inayosoma tarakimu nane za mwanzo itamwona amezaliwa tarehe 31 Desemba 1984. Kumbukumbu yake haitalingana tena na kitambulisho chake.

Kuna suluhisho mbili zinazojulikana. Kiwango cha vyeti vya kidijitali cha mwaka wa 2004 kinapendekeza tarehe ya kuzaliwa iandikwe kwa saa sita mchana ya UTC, yaani 19850101120000Z, ili ugeuzaji wa saa usiibadilishe siku. Nayo skima ya SCHAC ya vyuo vya Ulaya hutumia tarakimu nane pekee: 19850101. Umbo hili la pili ni aminifu zaidi kwa maana, kwa sababu halidai kujua saa ambayo haikutajwa.

Kikomo cha akaunti, kwa upande mwingine, ni wakati. Akaunti inayopaswa kutumika hadi mwisho wa tarehe 30 Juni 2025 ikiandikwa 20250630000000Z, itafungwa saa tisa usiku wa kuamkia tarehe hiyo, na mwanafunzi atapoteza siku nzima. Umbo sahihi kwa Kenya ni 20250630205959Z.

Hitimisho

Msemaji wa Kiswahili anaposema "usiku wa kuamkia Ijumaa" badala ya "usiku wa Ijumaa", huondoa utata kwa uteuzi wa maneno. Mbunifu wa saraka hana budi kufanya vivyo hivyo kwa uteuzi wa umbo: siku iandikwe kama siku, wakati uandikwe kwa UTC, na maana ya kila sifa ielezwe katika skima. Ama "saa tatu asubuhi", mahali pake ni kwenye skrini, mbele ya macho ya msomaji.