Mkaguzi Asiye na Rungu: Hesabu za Umma Sydney (Sehemu ya Pili)

Sehemu ya kwanza ilieleza Mahakama ya Hesabu ya Ufaransa, iliyoundwa na Napoleon mwaka 1807, ambako majaji huwaita watunza fedha za umma wajibu hoja. Kinshasa ilirithi utaratibu huo. Sydney haijapata kuwa na mahakama ya namna hiyo. Ina Mkaguzi Mkuu na ofisi yake, iliyoko Mtaa wa Sussex karibu na Darling Harbour, na mkaguzi huyo hawezi kumfunga mtu wala kumtoza faini. Silaha yake ni ripoti, na saini ambayo anaweza kuinyima hesabu isiyoridhisha.

Aliyeianzisha kazi hiyo alitokea Bahari ya Hindi. William Lithgow, Mskochi aliyesomea uchungaji, aliacha mimbari akaingia idara ya ugavi ya jeshi la Uingereza. Alipangiwa Morisi mwaka 1812, akashuka Sydney Mei 1824. Mwaka huohuo Gavana Brisbane akamkabidhi ukaguzi wa hesabu za koloni.

Kabla yake kulikuwa na mazoea ambayo leo yangemtoa jasho afisa masuuli yeyote. Enzi za Gavana Macquarie, mapato ya ndani ya koloni yaliingia katika mifuko miwili, wa polisi na wa yatima. Mhazini wa mfuko wa polisi alikuwa D'Arcy Wentworth. Ni huyohuyo aliyekuwa daktari mkuu wa koloni, na huyohuyo msimamizi wa polisi mjini Sydney. Serikali ilipotaka hospitali, Wentworth na wenzake wawili walipewa mkataba wa kuijenga. Badala ya fedha wakalipwa kwa haki ya kuingiza maelfu ya galoni za pombe kali. Jengo hilo watu walilibandika jina la Hospitali ya Ramu, na sehemu yake ndiyo Bunge la New South Wales hadi leo. Kwa hiyo ripoti za mkaguzi huwasilishwa katika jengo ambalo sehemu yake ililipiwa kwa pombe, jambo ambalo mtunga hadithi angeona haya kulibuni.

Lithgow alishika wadhifa huo hadi 1852. Hakuwa huru kwa maana ya sasa: tangu 1829 aliketi pia katika Baraza la Kutunga Sheria, akijadili matumizi ambayo angekuja kuyakagua mwenyewe. Jina lake limebaki katika mji wa Lithgow, ng'ambo ya milima ya Blue Mountains.

Sheria ya ukaguzi ya mwaka 1870 ilikaza taratibu. Makoloni yalipoungana mwaka 1901, Shirikisho likaunda ofisi yake, na John William Israel akawa mkaguzi wake wa kwanza. Tangu hapo Sydney ina wakaguzi wawili juu yake: wa jimbo, na wa Shirikisho ambaye makao yake sasa ni Canberra. Mwaka 1986 wakaguzi wakuu wa dunia walikutana Sydney na kutoa tamko lililotilia mkazo ukaguzi wa ufanisi. Swali likavuka stakabadhi na saini: je, fedha iliyotumika kihalali ilileta faida iliyokusudiwa? Wasomaji wa ripoti za CAG, yaani Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali wa Tanzania, wanaujua ukaguzi huo.

Nguvu ya saini ilionekana mwaka 2021. Serikali ya jimbo ilikuwa imeunda shirika la kumiliki reli na mali zake. Fedha za reli zilizopelekwa kwa shirika hilo ziliandikwa kuwa uwekezaji, si matumizi, na bajeti ikapendeza. Mkaguzi Mkuu Margaret Crawford alihoji kama uwekezaji huo ungerudisha faida yoyote, na saini yake ikachelewa hadi Desemba. Serikali ililazimika kuahidi zaidi ya dola bilioni moja za ziada ndipo hesabu zikapita. Hakuna aliyeshitakiwa, lakini umma ulijua nakisi ilikuwa imefichwa wapi.

Kisa kinachostahili kusomwa polepole zaidi ni cha ardhi, tena ardhi ya malisho. Magharibi mwa Sydney, Badgerys Creek, Shirikisho lilikuwa likijenga uwanja mpya wa ndege. Kando yake kuna kipande cha hekta 12 na ushee kiitwacho Leppington Triangle, kinachotakiwa kwa njia ya pili ya kurukia, ambayo haitahitajika hadi takriban mwaka 2050. Julai 2018 wizara ya miundombinu ilikinunua kwa dola milioni 29.8.

Haikuhitajika siri kuvuja wala mwandishi wa habari kupekua. Katika ukaguzi wa kawaida wa kufunga mwaka, ardhi hiyo ilionekana vitabuni kwa thamani ya dola milioni 3 hivi. Mkaguzi aliyeona tarakimu hizo mbili aliuliza swali ambalo hata dalali wa viwanja Kariakoo angeuliza. Ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Shirikisho, Grant Hehir, Septemba 2020, ilieleza kuwa bei ilitokana na tathmini iliyoihesabu ardhi hiyo kana kwamba ingejengwa viwanda, na kwamba wizara haikufanya uchunguzi wa kutosha kabla ya kulipa. Polisi wa Shirikisho walichunguza. Hakuna aliyefikishwa mahakamani.

Wapo watakaosema mahakama ya Kifaransa ingefanya vizuri zaidi. Huenda. Lakini jaji huhitaji kwanza mtu wa kuligundua pengo, na hapa liligunduliwa na mkaguzi aliyelinganisha bei ya kununulia na thamani ya vitabuni. Kazi hiyo ni kavu, na ndiyo ambayo ofisi nyingi za ukaguzi huinyima watu na muda.

Sehemu ya tatu itahamia Dodoma na Nairobi. Kabla ya hapo, msomaji achukue ripoti ya CAG inayohusu halmashauri yake, aziache kwanza kurasa za hati safi na hati chafu, aende moja kwa moja kwenye hoja za ardhi na mali za kudumu.