Kocha Aliyegeuzwa Jiwe la Mizani (Sehemu ya Pili)

Juma lililopita tuliishia njia panda: timu ya NBA iliyokwisha kuvuka kikomo cha mishahara inampataje nyota wa bei mbaya? Kwenye soka ungelipa ada ya uhamisho, yakaisha. Huku mchezaji hubadilishwa kwa mchezaji, na mishahara yao hupandishwa mizanini. Kwa kanuni za 2008, timu ya namna hiyo haikuruhusiwa kupokea zaidi ya asilimia 125 ya mishahara iliyoitoa, na juu yake dola 100,000.

Februari 2008 Los Angeles Lakers walimtaka Pau Gasol wa Memphis Grizzlies, aliyelipwa dola milioni 13 na ushei. Wakamtoa Kwame Brown, mwenye milioni 9 hivi, wakamwongezea chipukizi Javaris Crittenton. Haikutosha.

Ndipo alipokumbukwa Aaron McKie. Miaka 35, msimu ule hakuwa amegusa uwanja, na alikuwa akisaidia kufundisha Philadelphia 76ers. Lakini timu yake ya mwisho ilikuwa Lakers, nao walikuwa hawajaachia haki zao juu yake. Kanuni iliyopewa jina la Larry Bird huiruhusu timu kumsajili upya mtu wake hata ikiwa imevuka kikomo. Wakampa mkataba usiofika dola milioni 1, na wino haujakauka wakamsafirisha Memphis, ambako hakucheza hata dakika moja. Kilichotakiwa ni tarakimu zake.

Cha ajabu ni kilichopita bila kupimwa. Memphis walipewa pia haki za kumsajili Marc, mdogo wake Pau, na kwa kuwa hakuwa na mshahara wa NBA, mizani ilimsoma sifuri. Mwaka 2013 alitangazwa mlinzi bora wa ligi nzima!

Mwezi uleule Dallas Mavericks walimpa Keith Van Horn, ambaye hakuwa amecheza tangu 2006, zaidi ya dola milioni 4 ili wampate Jason Kidd kutoka New Jersey.

Mlango huo ulifungwa na mkataba wa ligi na wachezaji wa 2011: anayesajiliwa ili auzwe papo hapo sharti awe ameumaliza msimu uliotangulia na timu hiyo. Toleo lijalo tutaangalia timu tatu zinapokaa meza moja.